Mguu na Kiatu, Mfuko Mmoja

Mvua ikinyesha kwenye njia ya kutoka Rangwi kwenda Mtae, kule Usambara Magharibi, udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Hapo ndipo soli ya buti langu la kulia ilipoachia. Iling'oka kuanzia kwenye vidole hadi katikati ya wayo, ikawa inapiga chini kila hatua. Kwa kuliangalia tu, ungesema buti ni zima. Kumbe lilikuwa limekaa kabatini karibu miaka sita, na ile sifongo ngumu iliyo katikati ya soli na ngozi ilikuwa imeoza taratibu kwa unyevu wa hewa hadi ikawa inamomonyoka kama mkate mkavu. Mgongoni nilikuwa na mfuko wa huduma ya kwanza uliozidi kilo moja: bendeji tano, chupa ya kioo ya iodini, kipimajoto, mkasi mkubwa wa hospitali. Kitu cha kufungia soli sikuwa nacho.

Nilivumilia kama saa mbili kabla ya kumwambia kijana aliyekuwa anatuongoza. Alisimama, akaniangalia mguu, akatoa kwenye begi lake ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha mara tatu kwenye buti na kuuchomeka mwisho wake chini ya mzunguko wa kwanza. "Pole sana, kaka," aliniambia. "Ungesema tangu kule juu." Buti lilinifikisha Mtae. Lakini kisigino kilikuwa kimeshapata lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, na lilikuwa limepasuka.

Tangu siku ile sitenganishi mfuko wa dawa na mfuko wa vifaa vya ukarabati. Kiatu kikiharibika, mguu unaumia. Mguu ukiumia, mtu anakanyaga upande, na kesho yake goti linalalamika. Ukanda wa begi ukikatika, mzigo wote unaangukia bega moja, na jioni shingo haigeuki. Hema likivuja, unalala umelowa, na asubuhi unatetemeka. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kukitia kwenye mfuko huu kiulize swali moja: je, kitanisaidia kuendelea kutembea au kufika kwa mtu wa kunitibu? Kama jibu ni hapana, kiache nyumbani.

Kabla ya kwenda duka la dawa, fikiria utakuwa mbali kiasi gani na msaada. Safari ya siku tatu au nne kutoka Lushoto hadi Mtae hupita kijiji baada ya kijiji, katikati ya mashamba ya kabichi na viazi, na sehemu nyingi bodaboda hufika. Kazi ya mfuko wako hapo ni kukuvusha saa chache, au usiku mmoja, hadi ufike zahanati au barabara ya gari. Ukienda msituni au nyikani ambako kumbeba majeruhi kunaweza kuchukua siku nzima, utaongeza gozi, dawa za maumivu na kitu cha kumkinga mtu na baridi anapongoja. Na ukienda Meru, mita 4,566, au Kilimanjaro, mita 5,895, kuna jambo jingine: ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza kuwasumbua watu kuanzia kama mita 2,500. Huko, mtu akiumwa kichwa, akatapika na kuanza kuyumba, dawa yake ni kushuka, hata kama ni usiku. Hakuna kidonge kwenye mfuko wako kinachoweza kushika nafasi ya kushuka.

Nianze na miguu, kwa sababu ndiyo hukatisha safari nyingi kuliko nyoka, kuliko malaria, kuliko kitu chochote tunachokiogopa tukiwa nyumbani.

Lengelenge huletwa na msuguano, joto na unyevu. Kabla halijatokea, ngozi hukutumia salamu: sehemu moja inakuwa ya moto na kuwashawasha, kisigino au ubavu wa kidole kidogo. Wengi hujisemea kwamba watashughulika nayo wakifika kambini. Usifanye hivyo. Simama pale pale, hata kama wenzako wanapiga hatua mbele. Vua kiatu, vua soksi, futa jasho, acha ngozi ikauke dakika mbili, kisha bandika plasta. Hapa sisemi vile vipande vidogo vya kubandika kidole kilichokatwa na kisu. Nasema plasta ya kitambaa inayouzwa kwa roli, upana wa sentimita 2.5 au 5, ambayo muuza dawa yeyote anaijua. Kata kipande kikubwa kuliko sehemu inayowaka. Kabla ya kukibandika, kata kona zote nne ziwe za mviringo, maana kona yenye ncha hunaswa na soksi, hujikunja, na baada ya kilomita mbili plasta yote ni kidonge cha gundi kinachokuchubua zaidi. Ibandike bila kuivuta, ibonyeze kwa kiganja hadi ipate joto la mwili, kisha vaa soksi kavu.

Lengelenge likishatokea na likawa dogo, liache. Katikati ya kipande cha sifongo au cha soksi kuukuu kata tundu, zungushia hiyo pete, kisha funika kwa plasta ili kiatu kigandamize pete na si lengelenge. Likiwa kubwa na limetuna kiasi kwamba litapasuka lenyewe kiatuni, litoboe wewe mwenyewe kwa usafi: nawa mikono, safisha ngozi, pitisha sindano kwenye moto na uiache ipoe, toboa pembeni karibu na ukingo, minya maji yatoke, lakini ngozi ya juu usiibandue. Ngozi hiyo ndiyo bendeji bora kuliko zote ulizobeba. Weka gozi kidogo juu, kisha plasta. Ukiona wekundu unasambaa, usaha, au joto linapanda mguuni, hapo kazi yako imekwisha, tafuta zahanati.

Plasta hiyo hiyo ya roli itafunga kifundo kilichoteguka, itashikilia gozi kwenye kidonda, na itakusaidia siku utakapopita kwenye upupu. Aliyewahi kuguswa na upupu anajua hasira ya mwasho wake. Usisugue, kwa sababu vinyweleo vyake huzama zaidi na kuhamia mikononi. Bandika upande wa gundi juu ya ngozi na uvute, tena na tena kwa kipande kipya, vinyweleo vitoke, ndipo uoshe kwa maji mengi. Kitu kimoja kinachofanya kazi nne kina haki ya kuwamo mfukoni. Roli moja ya mita tano inatosha watu wawili kwa siku nne.

Vidonda vya kuanguka ni jambo la pili kwa kutokea mara kwa mara. Hapa watu hubeba chupa za spiriti na iodini, ilhali kinachosafisha kidonda ni maji safi, na mengi. Beba sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, ina uzito mdogo sana na bei yake ni ndogo. Vuta maji ya kunywa, yarushe kwa nguvu kwenye kidonda, rudia hadi nusu lita au lita nzima iishe na usione tena mchanga. Spiriti ndani ya kidonda inaunguza nyama hai na kumtesa mtu bure. Itumie kwenye mikono yako na kwenye kibanio cha kuchomolea miiba. Kama damu inatoka kwa wingi, kabla ya kuosha, weka gozi na ukandamize moja kwa moja juu ya kidonda kwa dakika kumi ukitazama saa. Usifunue kuchungulia kila dakika, maana kila unapochungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Gozi ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Pakiti sita za gozi safi za sentimita 10 kwa 10, bendeji moja ya kunyumbuka na jozi moja ya glovu, hayo yatosha.

Na ile kanga yako, msomaji, usiisahau. Siihesabu kwenye uzito wa mfuko kwa sababu utaibeba kwa kujifunika, kujifutia na kukalia. Ikunje pembe kwa pembe iwe pembetatu, na umepata kitanzi cha kubebea mkono uliovunjika. Ikunje iwe mkanda mpana, na umepata cha kufungia gango la mguu kwa fimbo mbili. Iviringishe, na umepata mto wa kuegemeza mguu uliovimba. Sijaona kifaa cha dukani kinachoifikia.

Tumbo ni la tatu. Mtu anayeharisha huku anapanda mlima juani hupoteza maji haraka, na kinachomwangusha ni upungufu wa maji na chumvi. Beba pakiti nne za ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini. Soma nyuma ya pakiti ujue ni ya lita ngapi; nyingi ni za lita moja, na kuichanganya kwenye kikombe kimoja ni kosa linalozidisha hali. Zikikuishia, mama yeyote kijijini ana vitu vya kutengenezea: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Dawa ya kuzuia kuharisha inafaa kwa saa chache za kusafiri kwenye basi, lakini usimpe mtu mwenye homa au anayeharisha damu.

Hapo hapo niseme juu ya vidonge vya klorini vya kutibu maji. Madukani kwetu vimo vinavyotengenezwa kwa ndoo ya lita 20 na vimo vya chupa ya lita moja, na kwa macho vinafanana. Ukitia kile cha ndoo ndani ya chupa yako, umeweka dawa mara ishirini. Nunua vinavyolingana na chupa yako, viache kwenye karatasi yake yenye maandishi, na ungoje dakika zilizoandikwa hapo kabla ya kunywa.

Dawa nyingine ni chache. Parasetamoli kumi na mbili, na kumbuka mtu mzima haruhusiwi kuzidisha vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Ibuprofeni sita kwa kifundo kilichovimba, anywe aliyekula na aliyekunywa maji ya kutosha, na asiyekuwa na vidonda vya tumbo. Setirizini chache kwa mzio na miwasho. Halafu dawa zako mwenyewe: mwenye pumu asiondoke bila pampu yake, mwenye presha au kisukari abebe dozi za siku mbili za ziada, na mwenzake mmoja ajue zimewekwa wapi. Antibayotiki za kubahatisha usibebe. Kuhusu malaria, watu huamini baridi ya milimani inawalinda. Lakini mbu aliyekuuma Dar es Salaam au Tanga wiki mbili zilizopita hajali kwamba leo uko Rangwi na sweta. Homa ikikushika njiani, shuka zahanati ukapimwe.

Nyoka wanastahili aya moja, kwa sababu makosa ya kumhudumia aliyeumwa yanaua. Mtu akiumwa, hasa na kifutu ambaye hulala njiani bila kusogea, mketishe na umtulize. Vua pete, bangili na kiatu cha mguu ulioumwa kabla haujavimba. Funga gango mguu usitikisike, kwa kanga ile ile, kisha abebwe hadi hospitali. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukata damu, usibandike jiwe la nyoka. Najua jiwe hilo linaaminiwa na watu ninaowaheshimu, lakini halitoi sumu, na muda mnaoutumia kulitafuta ndio anaouhitaji mgonjwa. Akiwa na maumivu mpe parasetamoli. Ibuprofeni na aspirini ziacheni kwa sababu ya damu. Swila akitema sumu machoni, osha macho kwa maji mengi mara moja, dakika kumi na tano au zaidi, kisha hospitali. Hakuna kifaa chochote cha kununua kwa ajili ya haya yote. Kinachotakiwa ni simu yenye chaji, namba ya dereva wa bodaboda wa eneo lile, na namba ya dharura, 112.

Sasa nusu ya pili ya mfuko, ile ambayo sikuwa nayo.

Shazia moja na sindano moja ya kawaida, zichomeke kwenye kipande cha kizibo. Uzi wa nailoni wanaotumia mafundi viatu, mita kumi, uzungushie kwenye kizibo hicho hicho. Kwa huu utashona ukanda wa begi, utashona soli, utashona turubai la hema. Siku ile nilipofika Mtae nilimkuta mzee anayeshona viatu kibarazani. Nikamwamkia, akaitika, akalipokea buti bila kuuliza maswali. Alichonifundisha ndicho ninachokupa: usishone soli kwa mishono mirefu ya haraka. Yeye alitoboa kwanza kwa msharasi, tundu moja kila nusu sentimita, akapitisha uzi mara mbili kwenye kila tundu, moja kutoka nje na moja kutoka ndani, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ushike. Nilimuuliza kama gundi isingetosha. Alisema, "Gundi ya haraka ikikauka inakuwa kioo, mwanangu, na kiatu kinakunjwa kila hatua." Nimejaribu mwenyewe baadaye, na ni kweli. Kitubu kimoja cha gundi hiyo kibebe kwa vitu visivyokunjika: bizimu lenye ufa, miwani, kifuniko cha tochi.

Kanda tatu za mpira wa ndani wa baiskeli, zilizokatwa kwa upana wa sentimita mbili na urefu wa mita moja. Muombe fundi baiskeli yeyote mpira uliochoka, mara nyingi atakupa bure. Hufunga soli, hufunga gango, hufunga mzigo juu ya begi, na kipande kidogo kikiwashwa huendelea kuwaka hata kuni zikiwa mbichi kwa mvua.

Tepu nene ya kijivu yenye kitambaa ndani, usibebe roli nzima. Zungushia mita mbili kwenye chupa yako ya maji. Itaziba tundu la hema, la koti la mvua na la godoro la upepo, mradi ufute sehemu hiyo ikauke kabisa na ukate kona ziwe za mviringo kama zile za plasta; sababu ni ile ile. Kwa nguzo ya hema iliyovunjika, beba kibomba kifupi cha alumini ambacho nguzo huingia ndani yake; kivute juu ya palipovunjika, funga tepu pande zote mbili. Hema nyingi huuzwa na kibomba hicho, na wenye hema huwa hawajui ni cha nini hadi siku ya upepo.

Zipu huharibika kwa namna inayotia watu hasira: kichwa kinapita lakini meno hayashikani nyuma yake. Mara nyingi meno ni mazima, ila kichwa kimepanuka. Kibane kidogo sana kwa koleo ndogo, upande mmoja kisha wa pili, jaribu, bana tena. Ukibana kwa nguvu mara moja kitavunjika. Zipu ikiwa ngumu tu, isugue kwa mshumaa au sabuni kavu. Ongeza bizimu moja la akiba la ukanda wa kiunoni, pini nne kubwa, kamba nyembamba ya mita tano, na kisu kidogo chenye mkasi. Kibanio kizuri cha chuma kitachomoa miiba na kupe: mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta polepole na moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma moto.

Viweke vyote kwenye mfuko wa plastiki mzito unaofungika, ule unaoonyesha vilivyomo, na uupime kwenye mizani ya dukani. Wangu una gramu 410. Ukizidi 500, kuna kitu umekibeba kwa woga. Ufungashe hivi: kinachotakiwa haraka, yaani glovu, gozi na plasta, kikae juu, vya kushonea chini. Dawa zibaki kwenye karatasi zake, na kila moja uandike kwa kalamu isiyofutika ni ya nini na kiasi gani, kwa Kiswahili, kwa sababu huenda wewe ndiye utakayekuwa umelala chini na mwingine ndiye anayesoma. Mfuko wenyewe usiuzike chini ya nguo. Uweke kwenye mfuko wa juu wa begi, na kila mmoja kwenye kundi auone ulipo kabla hamjaondoka.

Wiki moja kabla ya safari, fanya mambo mawili. Vaa buti zako zilizokaa muda mrefu, zikunje kwa mikono miwili, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba uone kama inamomonyoka, kisha tembea nazo saa tatu ukiwa na mzigo. Halafu usiku mmoja zima taa, kaa sakafuni na mfuko wako, na utafute plasta, gozi na shazia kwa kupapasa. Ukichukua zaidi ya dakika moja, panga upya.

Na ukirudi, siku hiyo hiyo kabla ya kufua soksi, umwage mfuko mezani. Gozi iliyofunguliwa itupe, sindano ifute isipate kutu, ORS iliyotumika irudishie, kanda za mpira zioshe na kuzikausha kivulini.